Mnusa Chachu

Mama Pacha hakuwa mtu wa kusimuliwa. Miaka thelathini aliyokaa kwenye nyumba za kiwanda, safu ya tatu, mlango wa mwisho karibu na bomba, watu walimjua kama mke wa Pua, basi. Mumewe ndiye aliyekuwa na habari. Alikuwa mpishi mkuu wa bia, na hilo jina la Pua alibandikwa na Tajiri mwenyewe, yaani mwenye kiwanda, siku aliposimama mlangoni pa ghala akasema gunia la tisa kutoka chini lina ukungu. Magunia yakashushwa yote, wabebaji wakilaani. La tisa lilikuwa na ukungu kweli. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye cheti tu.

Pua ya namna ile ni baraka kwa kiwanda. Kwa mke ni balaa. Mama Pacha akirudi sokoni alisimamishwa kizingitini, akanuswa bega, akaambiwa amepita kwa nani na ametafuna nini. Alipokuwa akiwanyonyesha wale pacha wake wawili wa kike, Pua alimtandikia mkeka karibu na mlango, eti harufu ya maziwa kwenye nguo inamharibia kazi ya kesho. Pacha wakakua, wakaolewa mbali, na hawaji. Ukiwauliza wanasema nauli. Na mama yake Mama Pacha alipofariki, Pua alikwenda msibani, ndiyo, lakini mlango hakuuvuka. Alikaa nje kwenye kiti kutwa nzima na leso puani. Jirani alipomkaribisha ndani, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka chumbani alikolazwa marehemu, "Nyumba hii ilikuwa inanuka hata mwenyewe akiwa hai." Mama Pacha alisikia. Aliendelea kukunja shuka.

Mimi ningemmwagia maji ya moto. Yeye hakumwagia.

Kisha yakaja mafua. Yalimlaza Pua siku tisa, siku ya kumi akaamka mzima, akavaa koti lake jeupe, akaenda kazini akitembea vilevile kama mwenye njia. Wiki ile ile panya alifia nyuma ya kabati la vyombo. Mama Pacha alikuwa amekwenda kumwangalia jirani mgonjwa, na aliporudi mchana harufu ilimpokea barazani. Akaingia akiwa amejiandaa kwa matusi. Akamkuta mumewe ameketi hapo hapo mbele ya kabati, anakula maharage, ametulia, anapuliza kijiko.

"Baba Pacha," akasema, "hukusikia kitu?"

"Kitu gani?"

Mama Pacha alisogeza kabati, akamtoa panya kwa mkia, akamwinua juu. Pua alimtazama yule panya, akamtazama mkewe, akaweka kijiko chini.

Usiku huo hakuna aliyelala. Asubuhi Pua alifunga dirisha na kuzungumza kwa sauti ya chini. Ulimi anao, alisema, chumvi anaisikia, sukari anaisikia, uchungu na uchachu pia. Harufu ndiyo imekwenda, yote, na daktari wa mjini, aliyemwendea kwa siri, amemwambia huenda isirudi. Nyumba hii ni ya kiwanda. Mpishi asiyenusa hapiki, na asiyepika hupewa juma moja la kuhama.

"Sasa itakuwaje?" Mama Pacha akauliza.

"Utanusa wewe. Mimi nitakuletea hapa, utaniambia. Na ukimwambia mtu, hata wanao, utajua mimi ni nani."

Kama vile miaka thelathini haikutosha kumjulisha.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni Pua alirudi na mifuko ya koti imejaa vikaratasi na vichupa, akavipanga mezani, akamfundisha. Bia, alisema, ni vitu vinne tu, na wanaotia cha tano ni wezi. Kwanza kimea: shayiri iliyoloweshwa mpaka ikachipua, ikakaushwa kwenye tanuri kabla chipukizi halijawa jani. Kizuri kinanuka ganda la mkate. Kibovu kinanuka gunia. Pili maji ya kisima cha kiwanda, ambayo watu hudhani hayana harufu, kumbe mvua ikinyesha tu udongo unaingia. Tatu hopsi, maua makavu ya kijani yanayoletwa kwenye marobota kutoka nchi za baridi ili kuipa bia uchungu wake. Unayasugua kati ya viganja, unaziba uso kwa viganja hivyo, unavuta. Yakiwa mapya utasikia majani yaliyokatwa na ganda la chungwa. Yakizeeka, soksi.

Na nne ni chachu. Hapo Pua alikuwa anabadilika hata sauti. Chachu ni kitu hai. Ndiyo inayokula utamu wa kimea na kuutapika ukiwa pombe. Ile ya kiwanda hainunuliwi; kila bia ikishaumuka, mpishi huengua povu la juu akaliweka katika ndoo mbili kwenye chumba cha baridi, moja ya kazi na moja ya akiba, na povu hilo ndilo linaloumua bia inayofuata. Miaka ishirini na sita mfululizo, tangu enzi za baba yake Tajiri. Ndoo ile haifunguliwi na mwingine ila mpishi, wala chachu hailambwi, kwa sababu mdomo wa mtu una uchafu wake. Hunuswa tu. Mpishi akishaipitisha ya kazi, akiba ya zamani humwagwa kupisha povu jipya.

"Unasikia nini?" Pua humuuliza, ameshika kichupa chini ya pua ya mkewe.

"Mkate unaoumuka. Halafu kama ndizi iliyoiva, kwa mbali, halafu..."

"Nzuri au mbaya? Neno moja. Sikukuomba hadithi."

"Nzuri."

Kumbe Mama Pacha alipenda. Alipenda vibaya sana, na mtu wa kumwambia hakuwa naye. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza unasikia nini, na sasa aliulizwa kila siku, japo na mtu aliyekuwa akimtazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Mchana, akiwa peke yake, alifungua vile vikaratasi na kurudia. Alifika mahali akaweza kutambua kimea cha tanuri ya kulia na cha tanuri ya kushoto. Siku moja alimwambia mumewe robota la hopsi lililoingia jana limechanganywa na la mwaka juzi. Pua akaenda akalirudisha, mwuzaji akaapa kwa watoto wake, likafunguliwa, katikati limekuwa la kahawia. Mjini kote wakasema Pua wa leo amemzidi Pua wa jana.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mpishi wa bia naye ni mgema tu, ila amevaa koti. Hoteli kubwa ilipoweka oda, Tajiri aliwaandalia wafanyakazi chakula uwanjani, wao na wake zao, na wakubwa wa hoteli wakaja. Mama Pacha alishika birika la kunawisha wageni. Mgeni mmoja akanawa, akamgeukia Pua.

"Mzee, kipaji hiki unaweza kumfundisha mtu?"

"Hakifundishiki," Pua akasema, akaegemea kiti. "Mke wangu ndiye huyu anayekunawisha. Miaka thelathini nalala naye. Mwekee ua sahani hii na mavi sahani ile, yeye ataomba chumvi."

Uwanja mzima ukacheka. Tajiri alicheka mpaka akapaliwa. Fundi wa boila, mtu mnene mwenye huruma lakini mwoga, alicheka huku akitazama chini. Mama Pacha alicheka pia. Mtu ukiwa umeshika birika mbele za watu utafanya nini? Akaenda kwa mgeni wa pili, akammiminia maji, hakumwaga hata tone nje ya beseni.

Hakulia nyumbani. Alihisi baridi tu, kuanzia kifuani kwenda chini, na baridi ile haikutoka.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika Jumamosi asubuhi, ukarudi Jumapili jioni. Jumatatu alfajiri Pua alikuja mbio kutoka kiwandani na chupa ya jamu iliyofungwa kwa kitambaa. Siku hiyo ndiyo ya kupika bia ya hoteli, matangi sita kwa mpigo. Akaiweka mezani, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Mama Pacha akafungua. Harufu ilimpiga hata kabla hajainama: nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni siku tatu, chini yake siki, na chini kabisa kitu kama shuka la mgonjwa. Chachu ilikuwa imekufa na kitu kingine kilikuwa kinaishi ndani yake. Aliyajua yote papo hapo. Alijua matangi sita. Alijua nyumba, na kabati, na mahali pa kulala, kwa sababu kuta hizo zilikuwa zake pia. Kama angesema "mbaya", Pua angefungua ndoo ya akiba, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifukia kwenye barafu aliyoitafuta mji mzima, iliyotosha ndoo moja tu, na mambo yangekwisha.

"Haya," Pua akasema bila kugeuka. "Neno moja."

"Nzuri."

Mkono wa Pua ukasimama kwenye kifungo. "Umeme ulikatika siku mbili. Nusa tena."

Hapo Mungu alimpa nafasi ya pili, na nasema hivyo ili mtu asije akaniambia aliteleza. Aliinama, akavuta pole pole, akainua uso.

"Mkate," akasema.

Pua akafunga chupa, akaondoka. Hakusema asante, hajawahi. Mama Pacha alisikia hatua zake zikipita bombani, kisha akachukua magazeti, akaketi chini mbele ya kabati, akaanza kuvifunga vyombo kimoja kimoja tayari kwa kuhama. Alikuwa amekubali kulala nje, mradi na mumewe alale nje.

Kiwandani Pua aliimwaga akiba kama desturi ilivyo, akatia chachu kwenye matangi sita, akafunga mlango. Jumanne haikuonekana shida. Jumatano fundi wa boila alipita karibu na tangi la pili akasikia harufu iliyomkunjisha uso. Hakusema. Mwaka uliotangulia aliwahi kusema kuna kitu kinanuka, na Pua akamlazimisha kusukutua kinywa kwa magadi mbele ya wenzake, akimwambia kinachonuka ni hicho. Kwa hiyo alikwenda zake kwenye boila lake. Alhamisi Tajiri mwenyewe ndiye aliyefungua mfuniko. Bia ilikuwa inavutika kama ute.

Waliimwaga yote. Povu lilijaa mtaro wa barabarani, likapanda ukingoni mpaka milango ya maduka, watu wakasimama wameziba pua.

Tajiri hakupiga kelele, na waliomjua waliogopa zaidi kwa hilo. Aliwaita wafanyakazi wote kwenye chumba cha kupikia, akamwekea Pua kikombe kilichofunikwa.

"Fumba macho, mzee. Niambie ni nini."

Pua alifumba. Alivuta, akavuta tena, jasho likamchuruzika kwenye masikio.

"Kimea," akasema. "Cha tanuri ya kushoto."

Tajiri akaondoa kitambaa. Yalikuwa maji ya kudekia sakafu. Hakuna aliyecheka mwanzoni, kisha mmoja akashindwa, kisha wote.

"Tangu lini?" Tajiri akauliza.

"Bosi..."

"Tangu lini, nimekuuliza."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Pua akasema yote kwa mkupuo mmoja: mafua, mwaka mzima, vikaratasi. "Ni mke wangu! Mke wangu ndiye aliyekuwa ananusa! Yeye ndiye aliyeniambia ni nzuri!"

Wakacheka zaidi. Yule wa chumvi? Lakini Tajiri hakucheka. Alikuwa mtu wa kupenda michezo, na huu aliuona bado haujaisha. Akatuma mtu akamwite.

Mama Pacha alikuja na kanga ya nyumbani, wino wa magazeti bado vidoleni. Mezani kulikuwa na vikombe vinane vimefunikwa. Akafumba macho kabla hajaambiwa. Kimea cha kulia, akasema. Hiki kimelala karibu na ukuta wenye unyevu. Haya maji ya kisima, haya ya bomba la barabarani. Hopsi mpya, hizi zimezeeka, lakini zina miaka miwili, si mitatu. Kikombe cha saba kilikuwa na chachu iliyoombwa kiwanda cha jirani. "Hii nzima," akasema, "ila si ya hapa." Cha nane kilipofika puani akakisukuma mbali. "Hii imeoza."

"Imeoza," Tajiri akarudia. "Hii ndiyo ya Jumatatu. Sasa mama, pua kama hii, uozo kama huu ulikupitaje?"

Akafumbua macho. Pua alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, koti limemlowa mgongoni, anamtazama. Hajawahi kumtazama hivyo. Alikuwa anaomba. Neno lolote lingemsaidia: kwamba alikosea, kwamba alikuwa na mafua, kwamba hata yeye hakusikia vizuri siku hiyo. Wangefukuzwa wote wawili, wangeshika njia na vyombo vyao kwenye magazeti, kama alivyokuwa amejipangia mwenyewe. Lakini vikombe vinane vilikuwa bado mezani, na kwa mara ya kwanza chumba kizima kilikuwa kinangoja aseme.

"Hii sijawahi kuinusa, bosi," akasema. "Hakuniletea. Nadhani tangu ile siku ya wageni alikuwa anaona aibu kuniuliza."

"Mama Pacha!" Pua akasema. Kisha akapiga kelele, "Mwongo! Alfajiri nilimpelekea, kwenye chupa ya jamu! Mara mbili! Nilimwambia anuse mara mbili!"

"Aa, Pua," fundi wa boila akasema, na sasa hakutazama chini. "Usimwangushie mama wa watu jumba bovu."

Tajiri aliketi juu ya pipa, akatafakari kidogo tu. Mama ataanza Jumatatu. Koti atapewa la mumewe, likatwe mikono. Mshahara hautakuwa wa mpishi, maana yeye si mpishi, ni pua. Nyumba wabaki nayo. Na mzee asifukuzwe, huko nje hatafaa kitu. Apewe beleshi, atoe machicha, yale makapi ya kimea yanayobaki chini baada ya kupika. Kisha akamwambia Pua avue koti hapo hapo. Alivua. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka kwapani, na watu wakaiona.

Nyumbani Mama Pacha alifungua magazeti, akarudisha vyombo kabatini. Pua aliketi kitandani hadi kiza. Hakumpiga, hakumtukana. Angemwambia nani, na nani angemsadiki?

Siku zikaenda. Mama Pacha ndiye aliyefungua ndoo, ndiye aliyesugua hopsi viganjani mbele ya watu, na wabebaji wakajifunza kumwamkia kwanza. Alikuwa mkali. Alimrudisha nyumbani mfagiaji mmoja kwa sababu ya mafuta ya nywele, na yule binti akaondoka akilia. Pua aliinama tangini kutwa, mvuke ukimchoma uso, akajaza mikokoteni ya wafugaji waliokuja kuchukua machicha. Walimwita Beleshi sasa. Watu hawana kazi.

Mchana mmoja, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alikuja mpaka mlango wa chumba cha baridi. Alisimama nje, kwa sababu ndani hakuruhusiwa tena. Mama Pacha alikuwa ameinamia ndoo.

"Mama Pacha."

"Sema."

"Sikuulizi kwa nini. Hilo nalijua. Nataka kujua kitu kimoja tu, na sitakusumbua tena mpaka nife. Ile chachu nimeilea miaka ishirini na sita. Siku ile, kwenye chupa. Ilinukaje?"

Alikuwa nayo bado, ile harufu, yote: zile nguo kwenye beseni, na siki, na lile shuka. Angeweza kumpa neno kwa neno, hata asingetumia dakika. Alimwona jinsi alivyosogeza kichwa mbele kidogo na kufumba macho ili asikie vizuri, mtu mzima mwenye mvi, mikono imejaa makapi.

"Machicha yamejaa mpaka mlangoni," akasema. "Ng'ombe wa watu wanangoja. Kayatoe."

Pua alifumbua macho. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya, mama," akasema, akachukua beleshi.

Mama Pacha alimtazama mpaka alipokata kona, akamwona anavyojikwaa kwenye bomba la maji na kujishika ukutani. Alisikia raha. Sitamsingizia machozi ambayo hakulia: alisikia raha, akafunika ndoo, akaenda kunawa mikono.